Kimia cha London na Mbugu ya Uvira: Maleba katika Filamu za Kihistoria kuhusu Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa tamthilia na filamu, maleba ni kipengele cha fani ambacho mara nyingi hupitiwa kwa haraka. Wahakiki wetu hueleza dhamira, wahusika, mandhari na lugha. Wakifika kwenye mavazi husema tu kwamba yanasawiri mazingira, kisha huendelea na mengine. Makala haya yanakusudia kukitazama kipengele hicho kwa makini zaidi kwa kuchunguza filamu zinazohusu kufika kwa Wazungu katika Ziwa Tanganyika katika karne ya 19. Mfano wetu mkuu ni Mountains of the Moon, filamu iliyotolewa mwaka 1990 na kuongozwa na Bob Rafelson, inayosimulia safari ya Richard Burton na John Hanning Speke ya kutafuta chanzo cha Mto Naili. Pwani itakayotushughulisha ni ile ya kaskazini ya ziwa hilo: Uvira, mdomo wa Mto Ruzizi, na vijiji vinavyotazamana na Burundi ya leo.

Hoja ya makala haya ni kwamba usahihi wa kihistoria wa maleba katika filamu za aina hii hupimwa kwa mizani miwili. Bibi wa London akitokea katika filamu, watu huuliza hata kama kimia kilichoshonwa kwenye ukosi wake kilikuwapo mwaka ule. Mkazi wa pwani ya Tanganyika akitokea, huulizwa tu kama anaonekana wa kale. Tofauti hii haitokani na uhaba wa ushahidi. Tutajaribu kuonyesha kwamba ushahidi wa vazi la Uvira la mwaka 1858 upo, na kwamba hauzidiwi sana kwa uwazi na ule wa vazi la London.

2.0 Kimia kama kipimo cha usahihi

Ni vizuri kuanza na neno lenyewe. Kimia katika Kiswahili kina maana mbili zinazokaribiana. Kwanza ni wavu wa mviringo ambao mvuvi huutupa majini. Pili ni kitambaa chepesi cha matundumatundu, kilichofumwa au kusukwa kwa nyuzi, kinachoshonwa pembezoni mwa nguo kama pambo. Siku hizi wengi husema lesi, na wasemaji wa Uvira na Bukavu, kwa kufuata Kifaransa, husema dantela. Tunalichagua kimia kwa sababu linakumbusha kwamba fundi wa pambo na fundi wa wavu hufanya kazi inayofanana: wote wawili huyapanga matundu kwa uzi. Aidha, pwani ya Bahari ya Hindi ina ufundi wake wa matundu katika kofia za viua, zilizodariziwa kwa mkono na kuachwa vitundu vidogo vidogo kwa mpango maalumu.

Kimia kinawafaa wahakiki wa maleba kwa sababu teknolojia yake ina tarehe. Hadi mwishoni mwa karne ya 18, kimia cha Ulaya kilifanywa zaidi kwa mkono, kwa sindano au kwa vijiti vya kuzungushia uzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza John Heathcoat alibuni mashine ya kufuma wavu wa namna hiyo, na baada ya muda mji wa Nottingham ukawa kitovu cha kimia cha mashine. Katika miaka ya 1880 ilitokea mbinu nyingine: kudarizi kwa mashine juu ya kitambaa, kisha kukiyeyusha kitambaa hicho kwa kemikali hadi zibaki nyuzi peke yake. Nailoni ilikuja baadaye zaidi, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo, mhusika wa mwaka 1860 akivaa kimia cha kuyeyushwa, mbunifu wa maleba amekosea kwa zaidi ya miaka 20. Akivaa cha nailoni, amekosea kwa zaidi ya miaka 70. Jicho lililozoea hutambua kosa hilo mara moja.

Tuchukue mfano unaohusu watu wa filamu yetu. Burton alimwoa Isabel Arundell mjini London tarehe 22 Januari 1861. Isabel mwenyewe alieleza baadaye alivyovaa: gauni la rangi ya hudhurungi hafifu, joho la kimia cheusi, na kofia nyeupe. Hayakuwa mavazi ya harusi ya fahari, kwani ndoa hiyo ilifungwa kimyakimya bila ridhaa ya mama yake. Hivyo kimia kile cheusi kina maana ndani ya kisa. Kinatueleza tabaka la bibi huyu, hali ya ndoa yake, na uamuzi wake wa kutovaa kama bibi harusi. Mbunifu wa maleba akipuuza habari hiyo, hajakosea kitambaa tu, amepoteza sehemu ya sifa za mhusika. Kwa sababu hii wapenzi wa filamu za kihistoria wana haki ya kuudai usahihi wa kimia, na makala haya hayapingi dai hilo. Yanalotaka ni kwamba dai hilohilo livuke bahari na kufika ziwani.

3.0 Uvira ya mwaka 1858 ilivaa nini?

Burton na Speke waliondoka Zanzibar mwezi wa Juni 1857 wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Waliposikia kwamba upande wa kaskazini wa ziwa kuna mto mkubwa, walikodi mitumbwi miwili kwa msaada wa Kannena, mkubwa wa Ujiji, wakafika Uvira mwishoni mwa Aprili. Walitaka kujua jambo moja: je, Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungetoka, huenda ungekuwa ndio chanzo cha Naili. Jibu walilipewa Uvira. Wana watatu wa Sultani Maruta, kama Burton anavyomwita, walikuja kuwatembelea na kuwaambia kwamba mto ule unaingia ziwani. Ziara hiyo ilivunja matumaini makubwa ya Burton, na kwa hiyo ni tukio muhimu sana katika historia nzima ya safari yenyewe.

Burton, katika kitabu chake cha The Lake Regions of Central Africa kilichochapishwa mwaka 1860, aliwaeleza vijana hao kwa kirefu. Walivaa nguo za magome ya mti, yaani mbugu, zenye milia ya rangi nyekundu na rangi ya giza, zikiwa zimening'inizwa begani mfano wa mkoba wa mwindaji. Mikononi walikuwa na bangili nyingi pana za pembe nyeupe ya ndovu. Shingoni walining'iniza mapambo yaliyochongwa kwa jino la kiboko, yenye umbo la pia. Maelezo haya yana rangi, mali, umbo na namna ya kuvaa. Tunaweza kuuliza ni mbunifu gani wa maleba anayehitaji zaidi ya hapo.

Ushahidi hauishii kwa hao watatu. Burton aliisimulia Uvira kama bohari kubwa ya kaskazini ambako wafanyabiashara walifuata watumwa, pembe, nafaka, nguo za mbugu na vyombo vya chuma. Alitaja hata bei: nguo ya mbugu iliuzwa sokoni kwa kete moja hadi tatu za ushanga. Kete ni uzi mmoja wa ushanga, na kete kumi hufanya fundo. Mambo mawili yanafuata kutokana na habari hii. Kwanza, mbugu haikuwa vazi la mtu aliyekosa nguo. Ilikuwa bidhaa iliyotengenezwa, ikatiwa rangi na kuuzwa nje ya mji, na mitumbwi ilikuja kuichukua. Pili, Uvira ilikuwa mji wa soko, na watu wa soko hawavai namna moja.

Hapa ndipo zinapoingia nguo za kigeni. Misafara kutoka pwani ilileta merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopewa jina hilo kwa kuwa kililetwa na Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Ilileta pia kaniki, kitambaa cha rangi ya nili kutoka India, na nguo za thamani zaidi zenye milia na taraza kama sohari, debwani na barsati. Vipimo vyake vilijulikana: shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuanza mwaka 1861, nguo za Marekani ziliadimika, na za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kwa hiyo hata merikani ina tarehe yake, kama kimia cha Nottingham.

Kwa upande mwingine tunaweza kutaja yasiyokuwapo. Kanga ilitokea baadaye, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na ile yenye maandishi ni ya karne ya 20. Vitenge vya nta vilivyotengenezwa viwandani Uholanzi vilianza kupata soko Afrika Magharibi mwishoni mwa karne ya 19, vikafika Kongo baada ya hapo. Mke wa mtawala wa Uvira akivishwa kitenge katika filamu ya mwaka 1858, kosa hilo ni sawa kabisa na kumvisha Isabel Arundell kimia cha nailoni.

4.0 Filamu zinavyoushughulikia ushahidi huo

Katika Mountains of the Moon, Patrick Bergin aliigiza Burton, Iain Glen aliigiza Speke, na Fiona Shaw aliigiza Isabel. Mwigizaji wa Kenya Paul Onsongo alikuwa Sidi Bombay, na Delroy Lindo alikuwa Mabruki. Filamu ilipigwa Kenya na Uingereza, na msingi wake ni riwaya ya William Harrison pamoja na maandishi ya wasafiri wenyewe. Ina sifa zake. Inaonyesha mateso ya safari bila kuyapamba; inawapa Bombay na Mabruki utu ambao filamu za zamani ziliwanyima wapagazi; na ugomvi wa Burton na Speke haukufanywa kuwa wa mtu mwema na mtu mbaya.

Hata hivyo, mtu aliyesoma habari za Uvira ataona upungufu. Safari ya mitumbwi kwenda kaskazini haikupewa uzito unaolingana na umuhimu wake. Badala yake, sehemu kubwa ya habari za bara imetawaliwa na baraza la mfalme anayeitwa Ngola, aliyeigizwa na Bheki Tonto Ngema. Ngola hayumo katika maandishi ya Burton wala ya Speke. Ni mhusika wa kubuniwa, mkatili na wa kutisha, aliyewekwa mahali ambapo historia ina wana wa Maruta waliokuja kwa adabu kumpa mgeni habari za kijiografia.

Athari yake kwa maleba ni kubwa. Mhusika asiye na mahali hawezi kuulizwa ushahidi wa vazi lake. Ukiuliza kama bangili yake ni sahihi, utajibiwa kwamba ufalme wake haukuwapo, hivyo hakuna usahihi wa kudaiwa. Mbunifu amepewa uhuru kamili, na uhuru huo kwa kawaida hujazwa na taswira za jumla za Afrika ambazo sinema imezirithi. Upande wa London hakuna Ngola. Hakuna malkia wa kubuniwa aliyewekwa badala ya Victoria ili nguo zake zisihojiwe. Tunaona, basi, kwamba kosa la maleba huanza katika mswada kabla fundi hajashika sindano.

Filamu ya zamani zaidi inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Stanley and Livingstone ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Henry King, ilimtumia Spencer Tracy kama Stanley na Cedric Hardwicke kama Livingstone. Picha za safari zilipigwa Afrika Mashariki na kikosi cha pili kilichoongozwa na Otto Brower, kisha zikaunganishwa na zile za studio za Hollywood. Waafrika tunaowaona katika picha hizo za safari ni watu wa miaka ya 1930. Kwa Livingstone, kwa upande wake, sinema ina maelezo mashuhuri ya kufuata: Stanley aliandika kwamba alimkuta Ujiji akiwa na kofia ya kibuluu yenye utepe wa dhahabu uliochakaa, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu. Utepe ule umekumbukwa na vizazi vyote. Lakini Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji mwezi wa Novemba 1871 wakaenda hadi mdomo wa Ruzizi, wakathibitisha kwa macho yao maneno ya wana wa Maruta. Mavazi ya watu waliowapokea huko hayajapata umaarufu wa utepe wa kofia moja.

5.0 Sababu za mizani miwili

Itakuwa rahisi kusema kwamba sababu ni dharau tu. Dharau ipo, lakini zipo sababu za kitaasisi ambazo ni muhimu zaidi kwa sisi tunaofundisha. Mbunifu wa maleba mjini London ana makumbusho ya Victoria and Albert yenye mkusanyiko mkubwa wa kimia. Ana pia maghala ya kukodisha maleba kama Cosprop, iliyoanzishwa na John Bright mwaka 1965, yenye nguo halisi za zamani za kunakili. Bright huyo na Jenny Beavan walipata tuzo ya Oscar kwa maleba ya A Room with a View, filamu ya mwaka 1985. Utamaduni huo wa usahihi umejengwa kwa miaka mingi, una mafundi na msamiati wake, na watazamaji wake wanajua la kuuliza.

Mbugu haina ghala la namna hiyo pwani ya Uvira. Magome huoza. Nguo za pamba zilipokuwa rahisi, ufundi ulipungua. Baadaye, chini ya utawala wa Wabelgiji, wakulima wa bonde la Ruzizi walilazimishwa kulima pamba, na kiwanda cha nguo kikajengwa Albertville, yaani Kalemie ya leo. Ufundi uliodumu kwa nguvu zaidi ni wa Buganda, ambako nguo ya gome la mutuba bado hugongwa kwa nyundo za mbao. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Vitu vingine vya eneo letu vimo Tervuren nchini Ubelgiji, mbali na macho ya wanafunzi wa Uvira.

Pamoja na vitu, maneno nayo yamepotea. Mwanafunzi asiyejua tofauti ya merikani na kaniki, au ya sohari na debwani, hawezi kuiona tofauti hiyo katika picha. Haya ni maneno ya Kiswahili, na kuyahifadhi ni kazi ya idara zetu hasa. Yamo katika Desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na katika Safari za Wasuaheli, vitabu vilivyotolewa na Carl Velten mwanzoni mwa karne ya 20, na katika tawasifu ya Tippu Tip. Vitabu hivi husomwa kwa ajili ya sarufi na historia. Ni nadra kusomwa kwa ajili ya nguo.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba sanaa si makumbusho. Msanii ana haki ya kubuni, na filamu yenye mbugu sahihi inaweza kuwa filamu mbovu. Tunakubali. Lakini filamu ya kihistoria hujipatia imani ya mtazamaji kwa usahihi wa vitu vidogo. Usahihi wa ukosi wa London humfanya mtazamaji aamini kila kitu kingine, pamoja na baraza la Ngola. Kwa hiyo kimia sahihi kinapowekwa kando ya vazi la kubuniwa la Mwafrika, hukidhamini kile kilichobuniwa. Msanii anayetaka uhuru na awe huru pande zote mbili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Shahidi wetu mkuu ni Burton, mtu aliyewadharau Waafrika waziwazi na kuwapima miili kama mifugo. Hata sifa alizowapa wana wa Maruta zimechanganywa na mawazo hayo. Je, tumtegemee? Jibu letu ni kwamba tutenganishe hukumu zake na orodha zake. Anaposema nani ni bora na nani ni duni, hatuna haja naye. Anapotaja bei ya nguo sokoni, anaandika kama mtu aliyelazimika kununua chakula kwa nguo na ushanga kila siku, na kosa lingemgharimu. Aidha, ushuhuda wake haupaswi kuwa wa mwisho. Unapaswa kulinganishwa na vitu vilivyohifadhiwa, na majina ya mavazi katika Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi, na masimulizi ya wazee.

7.0 Hitimisho

Suala hili haliwahusu watengenezaji wa filamu wa Ulaya na Marekani peke yao. Kamera sasa zimo mikononi mwa vijana wa Uvira, Bukavu na Bujumbura, na vikundi vya maigizo vya shule huigiza habari za watawala wa kale. Katika sherehe za leo pwani hiyo, vitenge na dantela ndiyo mavazi ya heshima, na ni kawaida kwamba kikundi kinapotaka kuonyesha heshima ya mama wa mtawala kitamvisha hivyo. Kinapotaka kuonyesha ukale, kitachukua ngozi ya madoadoa iliyochapishwa kiwandani. Chaguo zote mbili zina mantiki yake, lakini zote mbili zinamfundisha mtoto wa Uvira kwamba mababu zake ama walivaa kama sisi, ama walivaa kama sinema inavyosema. Mbugu ya milia myekundu, iliyotengenezwa na kuuzwa na watu wenye ujuzi, inatoweka katikati.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo matatu. Uhakiki wa tamthilia na filamu za kihistoria katika vyuo vyetu uwe na sehemu maalumu ya maleba, inayouliza mwaka, mahali, mali na chanzo cha kila vazi kuu. Msamiati wa nguo ulio katika maandishi ya zamani ya Kiswahili ukusanywe na kufafanuliwa pamoja na majina ya lugha za ziwani. Na vikundi vya maigizo vya eneo la Uvira vishirikiane na mafundi wa magome waliobaki katika nchi jirani ili nguo hiyo ionekane tena jukwaani. Mwana wa Maruta aliyemweleza Burton ukweli kuhusu Ruzizi anastahili kuulizwa alivaa nini kwa uangalifu uleule anaoulizwa nao bibi harusi wa London.